Mwalimu Nyundo na Mwamba wa Plastiki

Jina la Nyundo alipewa na wanafunzi, wala hawakwenda mbali kulitafuta. Masika na kiangazi alitembea na nyundo ya kuvunjia mawe imening'inia kiunoni, hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe. Siku hiyo mkewe alimwomba aiache nyumbani, walau kwa heshima ya wakwe. Akajibu kwamba mtu hajui njiani atakutana na jiwe gani. Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, akasema, "Haya, ukikutana na jiwe la kukupikia usirudi hapa." Mumewe alicheka mpaka akakohoa, kisha akaenda nayo. Picha za harusi zipo, na mpini unachungulia chini ya koti.

Alikuwa mwana wa mwashi. Alikulia kwenye vumbi la mawe, akimwona baba yake akigonga jiwe na kutega sikio kabla hajaamua kama linafaa kujengea. Wengi waliolelewa hivyo huyachukia mawe maisha yao yote. Yeye aliyapenda, akasoma alipofikia, akaishia mwalimu wa miamba katika chuo cha ufundi chenye madirisha yasiyofungika na ubao uliochakaa mpaka chaki inateleza. Cheo hakupanda. Wenzake waliokuja nyuma yake walimpita wakawa wakuu wa idara, wakaota vitambi, naye akabaki na viatu vyake vya kupandia vilima. Hakuona kama amepungukiwa na kitu, ingawa ukimwuliza mkewe angekupa orodha ndefu.

Darasa lake la kweli lilikuwa nje, kwenye barabara itokayo mjini, pale waliojenga barabara zamani walipokata kilima wakaacha mwamba uchi, mrefu kama nyumba ya ghorofa. Matabaka ya mwamba huo yalikuwa yamejikunja kama blanketi lililosukumwa kwa miguu mpaka mwisho wa kitanda. Katikati ya mkunjo ulipita mshipa wa jiwe jeupe, mwembamba na mgumu. Mvua zilikuwa zimelila jiwe laini la pembeni, mshipa ukabaki umetokeza nje, mkali, kiasi kwamba kidole kingeweza kuufuata gizani.

Hapo ndipo alipoanzia kila mwaka. "Fumba macho," alimwambia mwanafunzi mmoja mmoja. "Weka kidole hapa. Haya, fuata." Wengine walicheka kando wakisubiri zamu zao. Kidole kilifuata mshipa ukikata tabaka baada ya tabaka, umenyooka, hauna habari na mkunjo. "Sasa niambie, nani alitangulia? Mkunjo au mshipa?" Mwenye kufikiri alijibu kwamba mkunjo ulitangulia, maana mshipa ungekuwa wa kwanza ungekunjwa pamoja na wenzake. "Ahaa! Watu wanapunguza umri, jamani, lakini jiwe halijui kupunguza umri." Mzaha huo aliurudia mwaka nenda mwaka rudi, na kila mara ulimchekesha yeye kuliko wote.

Simu janja alizidharau. Simu, alisema, ni ya kumwuliza mtu umefika wapi, naye akudanganye. Aliyemgeuza ni Bando. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyepata jina hilo kwa sababu enzi za masomo hakuwahi hata siku moja kuwa na bando la intaneti. Alizunguka mabweni akiomba kurushiwa kama mtu anayeomba chumvi. Baadaye alikwenda kusoma zaidi, akarudi kufundisha chumba cha pili kutoka kwa mwalimu wake. Siku moja akamvuta mpaka kwenye mwamba, akatoa simu.

"Mwalimu, tembea kama kaa. Ubavuubavu. Piga picha, sogea, piga tena."

"Nitapata nini? Picha za jiwe ninazo kabati zima."

"Picha moja haina kina. Lakini kila picha ikila sehemu kubwa ya mwenzake, programu inazilinganisha, inajua hiki kiko mbele na kile kiko nyuma, inajenga mwamba mzima. Unauzungusha unavyotaka, unapima ufa, unapima mwinamo, umekaa zako kitini."

Alitembea kama kaa, huku madereva wakipunguza mwendo kumshangaa mzee anayekwenda upandeupande mbele ya ukuta wa mawe. Jioni, ofisini kwa Bando, mwamba ulitokea kwenye kioo cha kompyuta ukiwa na matumbo yake na mapango yake. Mbuzi aliyepita wakati wa kazi alitokea pia, maskini, miguu tu bila kiwiliwili, maana kinachotembea programu hiyo haikielewi. Mwalimu Nyundo aliuzungusha mwamba kwa kidole, akauinamisha, akauona kwa juu, upande ambao maisha yake yote hakuwahi kuuona. Akauachia, akageukia dirishani. Bando alidhani hakupendezwa, kumbe mzee alikuwa anameza machozi.

Mwongofu mpya, mnamjua, huwashinda hata wahubiri. Akawa haongei lingine. Aliomba siku za mawingu kama mkulima anavyoomba mvua, kwa kuwa jua kali hubandika vivuli kwenye mwamba na vivuli havibanduki tena. Alichonga kijiti, akakipaka rangi nyekundu na nyeupe, akakisimamisha kando ya kila jiwe alilolipiga picha, kwa maelezo kwamba kompyuta haijui ukubwa. Usipoiwekea kipimo, kilima na tofali kwake ni mamoja. Kila uso wa mwamba uliokuwa karibu na mji aliuzunguka. Usiku nao hakulala mapema, hata chakula kilipoa mezani akiwa anazungusha mawe kwenye simu.

"Hebu nizungushie na mimi," mkewe alimwambia siku moja, "niuone mgongo wangu, maana ndio unaoniuma."

"Nikikuzungusha wewe, mama watoto, programu itakwama. Hutulii."

Hizo zilikuwa siku zake nzuri. Nazisema mapema kwa kuwa hazikudumu.

Ilianza na habari kwamba barabara itapanuliwa. Watu wa barabara walikuja na rangi, wakauchora mwamba alama kubwa, na kila mtu akajua utapigwa baruti. Chuo kiliandika barua. Barua ikajibiwa kwa adabu, na adabu hiyo haikusogeza barabara hata unywele. Mwalimu Nyundo hakupoteza muda kulalamika. Alisema kama mwamba unakufa, basi atauchukua wote, usibaki ufa wala kokoto. Aliazima ngazi kwa watu walewale wa barabara, akaipanda na simu mkononi, akafanya kazi kila siku yenye mawingu. Kwenye mshipa mweupe alikaa muda mrefu kuliko pengine popote, simu karibu kabisa na jiwe, akipiga na kurudia, kila shubiri.

Kazi ikamgomea. Kila alipofungua modeli nyumbani aliona doa jeusi katikati. Akafuta kioo cha kamera kwa pindo la shati, akarudi mwambani, akapiga upya. Doa likawepo. Akaitukana simu, akaazima ya Bando. Doa likawepo. Alilaumu vumbi, alilaumu unyevu, alilaumu hata mkewe kwamba anaishika simu kwa mikono ya mafuta ya cherehani. Mkewe alimtazama tu, akaendelea kukanyaga pedali. Mwisho alibeba kila kitu mpaka ofisini kwa Bando, amekasirika kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Doa liko wapi, Mwalimu?"

"Hapo! Hapo katikati. Huoni? Limekaa kama nzi."

Bando alisogeza kiti. "Hapa?"

"Sasa limehama. Hapo."

Kioo kilikuwa safi. Bando alikitazama, kisha akamtazama mwalimu wake machoni. Ukuta wa ofisi ulikuwa umepakwa chokaa wiki ileile, mweupe mpaka unaumiza. "Mwalimu," akasema taratibu, "hebu tazama ukuta ule. Unaona nini?"

Aligeuka akautazama. "Doa," akasema.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sukari. Jina tamu, mambo yake machungu. Si kwamba hakuujua. Alikuwa ameambiwa miaka iliyopita, akapewa vidonge, akavimeza alipokumbuka na kuvisahau alipokuwa na jiwe mkononi. Mkewe alimfokea, alimbembeleza, alimfichia sukari juu ya kabati. Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa mishipa midogo ya macho ilikuwa imepasuka na kuvuja ndani kwa ndani, na daktari, kijana mwenye sauti ya upole iliyozoea kutoa habari mbaya, alimweleza kwamba wangejaribu kuzuia kilichobaki, lakini asijipe matumaini makubwa. Kisha akamvua viatu. Alipitisha kitu kwenye nyayo zake, na mgonjwa akawa anasubiri kipimo kianze, kumbe kimekwisha.

"Miguu imekufa ganzi," daktari akasema. "Na mikono je? Vidole vinakusumbua?"

"Mikono iko sawa."

Huo ulikuwa uongo. Kwa muda sasa alikuwa anasikia sisimizi wakimtembea ncha za vidole, na vifungo vya shati vilikuwa vimeanza kumshinda. Alimwambia mkewe kwamba mashati ya siku hizi yana matundu madogo. Lakini mtu aliyekwishaambiwa habari ya macho na habari ya miguu kwa kikao kimoja, mwacheni adanganye kidogo. Alichofikiri pale kitini kilikuwa hiki: macho na yaende, mikono ninayo. Mwamba niliufundisha kwa mikono kabla ya kamera. Aliikunja ngumi na kuikunjua mapajani, akajifariji hivyo mpaka nyumbani.

Siku ya baruti alitaka kuwepo. Bando alimshika mkono, wakasimama nyuma ya kamba pamoja na wapita njia wengine. Wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayetazama kupitia pazia nene. King'ora kililia. Ardhi ikatikisika, ukaja mngurumo, halafu vumbi likawafikia, naye akalijua kwa pua, harufu ya jiwe lililovunjwa, ileile ya utotoni kwa baba yake.

"Umeanguka wote?" akauliza.

"Wote, Mwalimu."

"Na upande wa mshipa?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea salamu, akaomba kurudishwa nyumbani. Baada ya mwezi kulikuwa na njia nne za magari pale, na mwanga nao ulikuwa umemwondoka.

Chuo kilimpa mapumziko ya ugonjwa, nayo, kama ujuavyo, ni mapumziko yasiyopumzisha. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, cherehani ya mkewe ikilia upande wa pili wa chumba. Kucha kutwa ilikuwa sauti ya sindano, wateja wakija kupimwa, wateja wakisema "pole mzee" kwa sauti ya juu kana kwamba aliyekufa ni masikio. Alijifunza kumjua mtu kwa hatua zake. Alijifunza kula bila kumwaga, akamwaga, akajifunza tena. Simu yake yenye miamba yote ya karibu na mji ndani yake aliiweka mfukoni. Aliitoa mara kwa mara akaipangusa kioo, akairudisha.

Alikata tamaa, hakuna neno la kulipamba. Alianza kusema maneno ambayo mkewe hakutaka kuyasikia. "Mimi nimebaki mzigo tu, mama watoto. Afadhali ule mwamba, wenyewe umekuwa barabara, watu wanapita juu yake."

"Na wewe unataka watu wapite juu yako?" mkewe alijibu, uzi ameubana mdomoni. "Nyanyuka, nikupime suruali. Umekonda mpaka naona haya, watu watasema fundi cherehani anamvalisha mumewe magunia." Alimpima kiuno, na alipofika mgongoni kwake, mahali ambapo hata mtu mwenye macho asingemwona, alifuta uso kwa utepe wa kupimia.

Aliyeleta habari njema ni Bando. Alifika mchana mmoja akihema, hakusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Mwalimu, modeli yako ya ule mwamba. Inaweza kuchapwa."

"Kwenye karatasi? Karatasi na mimi wapi na wapi."

"Si karatasi. Kuna mashine inajenga kitu kwa plastiki, uzi juu ya uzi, mpaka kinasimama. Ile karakana ya viungo bandia wanayo, wanatengenezea mikono na miguu ya watu. Nimewapelekea faili. Fundi akalitazama akaniuliza, huu ni mguu wa nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya baruti, Mwalimu Nyundo alicheka. Bando akaendelea haraka, kabla kicheko hakijapoa. Alikuwa amezungumza na mkuu wa chuo. Wangeuchapa mkunjo wote na mshipa wake, ukubwa wa sinia, na Mwalimu angerudi darasani asubuhi moja kila wiki. Wanafunzi wangefumba macho, yeye angewaongoza vidole, kama zamani. Mkuu alikuwa amekubali, ila alitaka kwanza aone somo moja. Mwalimu akiweza kusoma mwamba ule kwa mikono, nafasi ni yake. Asipoweza, ndiyo basi, watamwandikia barua ya kustaafu.

"Nikiweza?" alisema Mwalimu Nyundo, na sauti yake ikapanda. "Mwamba wangu mwenyewe? Mwambie aandae kiti chake cha mbele." Halafu akamshika Bando mkono, kwa nguvu kupita kiasi. "Sikiliza, mwanangu. Huyo fundi asiuguse msasa. Umesikia? Hao wamezoea kulainisha, mguu usimkwaruze mtu. Mwamba ukiupiga msasa umeuua. Utoke kwenye mashine vilevile, na miiba yake yote."

"Nitamwambia, Mwalimu."

"Mwapishe."

Siku zilizofuata nyumba ilibadilika. Mzee alitaka kunyolewa. Alitaka zile suruali mpya. Mkewe alimkuta amesimama mbele ya ukuta akitoa somo, kidole hewani, akiuuliza ukuta nani alitangulia. Alipofika kwenye mzaha wa kupunguza umri, mkewe aliumalizia kutoka kwenye cherehani, maana alikuwa amekwishausikia kuliko wanafunzi wote, wakacheka pamoja. Hakumwambia mtu kuhusu sisimizi. Sisimizi wenyewe walikuwa wamenyamaza, na yeye aliufurahia ukimya huo, akauona dalili ya kupona. Asubuhi moja alishika sufuria jikoni kwa mikono mitupu akaiweka chini taratibu, na mkewe akapiga kelele, "Wewe! Hiyo imetoka motoni!" Akajibu kwamba mikono ya mwashi haiungui. Mkewe aliitazama ile mikono, akachukua kitambaa, akaisogeza sufuria mbali naye. Mtu akifurahi baada ya giza lote lile, nani ana moyo wa kumzimia taa?

Bando alikuja na mwamba kabla ya chakula cha mchana, umefungwa kwa kanga kuukuu, akaulaza mezani mbele ya mwalimu wake. Mke aliendelea kushona mkunjo wa sketi ya mteja, lakini mguu wake ulipunguza mwendo kwenye pedali, akawa anashona huku anasikiliza.

"Umeugeuza sawasawa? Barabara iwe upande wangu."

"Iko upande wako, Mwalimu."

Aliweka viganja vyote viwili. Uzito wake aliupata, na umbo kubwa pia. Mikono ilijua hapa pamepanda na hapa pameshuka, hapa ndipo lile tumbo alipokuwa akiegemeza ngazi. Uso wake ukafunguka. "Ndio wenyewe," alisema. "Ndio wenyewe, mama watoto! Njoo uuone." Mikono ilipanda kwa kuukumbatia mpaka penye mkunjo, ikatulia. Kisha akanyoosha vidole, akaanza kuutafuta mshipa.

Akatafuta. Akarudi chini, akapanda tena. Alikohoa, akajipangusa vidole kwenye suruali mpya, akaanza upya kutoka ukingoni.

"Mshipa uko wapi?"

"Upo hapo hapo, Mwalimu. Umeupita sasa hivi."

"Nimeupita wapi? Hapa hakuna kitu. Hapa ni laini kama kioo."

Bando alitazama. Mshipa ulikuwa wazi kabisa, umesimama kwenye plastiki ya kijivu, uzi juu ya uzi, na kingo zake zilikuwa kali hivi kwamba fundi wa karakana alikuwa amemwonya aubebe kwa kanga. Aliushika mkono wa mwalimu wake, akauweka juu ya mshipa wenyewe. "Hapa. Fuata kama ulivyotufundisha."

Alifuata. Kidole kilitembea juu ya ule ukingo tangu mwanzo mpaka mwisho, na uso wa mzee haukubadilika. Ulianza kufunga, taratibu, kama duka.

"Wamepiga msasa," alisema.

"Hawakupiga, Mwalimu. Nilisimama pale pale mpaka ukatoka."

"Wamepiga msasa! Nilikwambia mwapishe, wewe ukaenda kupiga soga. Wamelainisha, wameua kila kitu. Mwamba ulikuwa unakata! Miaka yangu yote ulikuwa unakata! Wewe mwenyewe ulifumba macho pale ukauona kwa kidole, leo unaniletea beseni la kufulia unaniambia ni mwamba?"

"Mwalimu..."

"Usiniite Mwalimu. Nimekufundisha nini, kama hujui jiwe lililolainishwa?"

Bando alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa ameelewa, na alichokielewa hakikuwa cha kumwambia mtu. Akasogeza kidole chake mwenyewe kwenye mshipa, kwa hofu, akakiondoa upesi. Mzee hakumwona, angemwona na nini. Alikuwa ameinamia meza, amekaza taya, na mikono yote miwili ilikuwa inakwenda na kurudi pale penye mkunjo, mbele nyuma, ikikandamiza zaidi na zaidi, jinsi mtu anavyosugua doa lisilotoka. "Upo," alinong'ona. "Lazima uwepo. Niliupiga mwenyewe, kila shubiri. Niliupandia ngazi." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Plastiki ilikwaruza ikatoa mlio mwembamba, naye akaongeza nguvu, akakandamiza kwa uzito wa mabega.

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mezani, akatazama ile plastiki ya kijivu iliyokuwa imebadilika rangi, akaona matone yanayodondoka kwenye kanga.

"Baba watoto, acha."

"Niache nini? Natafuta."

"Acha, nakuomba. Unatoka damu."

Mikono ikasimama. Mwalimu Nyundo aligeuza uso kuelekea sauti ya mkewe. Kisha akainua mikono yake yote miwili polepole, akaitanua vidole mbele yake, akaisubiri imwambie.

"Kidole gani?" akauliza.